Nimekula fedha za kikoba: nisome wapi kwenye Biblia nijue nimesamehewa?

Swali

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro, na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake. Januari mama mmoja mtu mzima wa kikundi aliniletea nyumbani marejesho yake ya mkopo, shilingi 640,000, kwa sababu asingeweza kufika kikaoni. Sikuyaingiza sandukuni. Nililipia ada ya mwanangu wa kidato cha pili, nikijua nitarudisha kabla ya kikao kinachofuata. Sikuweza, na mpaka leo sijaweza. Daftarini yule mama anaonekana bado anadaiwa. Yeye hajui kusoma. Anasema amelipa, wenzetu wanamcheka, wanasema uzee unamsumbua au hataki kulipa. Mimi nanyamaza. Desemba tunavunja kikoba.

Kila alfajiri nafumba macho, nafungua Biblia na kuweka kidole, namwomba Mungu aseme nami. Siku ya kwanza kilianguka Waebrania 6, kwamba walioanguka hawawezi kufanywa upya tena wakatubu. Siku nyingine nikakuta Yuda amejinyonga, nikafunga kitabu. Juzi nikapata Yeremia 29:11, nikalia kwa furaha, nikaona Mungu ananiambia nitulie. Rafiki yangu ameniambia nisome Zaburi ya 51 mara saba usiku wa manane, kwa siku saba, nikiwa na glasi ya maji pembeni, dhambi itafutika. Nisome wapi nijue nimesamehewa, na nijue la kufanya? Na je, niendelee kuongoza ibada ya jumuiya?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho kidole, kwa sababu kinakuumiza kuliko unavyodhani.

Hukukianzisha wewe. Watu wengi wanaofungua Biblia kwa kubahatisha humtaja Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, ambaye mwaka 386, akiwa bustanini huko Milan, alisikia sauti ya mtoto ikisema chukua, soma. Akafungua, akakuta Warumi 13:13-14, maisha yake yakageuka. Habari hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Kitabu alichokifungua kilikuwa nyaraka za Paulo, alizokuwa akizisoma tayari. Alikuwa amekaa muda mrefu akisikiliza mahubiri ya Askofu Ambrose. Na mstari alioukuta ulimwambia aache jambo ambalo mwenyewe alishajua ni baya. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, alimwandikia mtu aitwaye Januarius kwamba hapendezwi na desturi ya watu kufungua Injili ili kupata majibu ya mambo yao ya dunia. Mwaka 506 maaskofu waliokutana Agde, kusini mwa Ufaransa ya leo, walikemea ubashiri wa namna hiyo unaofanywa kwa jina la dini. Kwetu kazi hiyo tunaiita kupiga ramli, na kubadilisha kitabu hakuibadilishi kazi.

Ubaya wake ni huu: kidole hakisomi. Kinaangukia mstari, na mstari ulioondolewa kwenye barua yake unaweza kusema lolote ambalo hofu yako au tamaa yako inataka useme. Paulo hakuandika kwa mistari yenye namba. Namba tunazozitumia katika Agano Jipya ziliwekwa mwaka 1551 na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, ili watu watafute mahali kwa urahisi. Zinafaa kwa kutafuta. Kwa kupokea majibu ya alfajiri zimetudhuru mno.

Tazama yaliyokupata. Waebrania 6:4-6 imeandikwa kwa waumini waliokuwa wakibanwa wamkane Kristo kabisa na kuiacha imani. Mama anayeamka alfajiri kulia kwa sababu amekosa, anayemtafuta huyo huyo Kristo, hayuko kwenye mistari ile. Na ungeendelea kusoma kidogo tu ungefika mstari wa 9, ambapo mwandishi mwenyewe anawaita wapenzi na kusema kwamba katika habari zao amesadiki mambo mazuri zaidi. Rudi nyuma sura mbili, 4:16, anawaalika wakikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Barua hiyo iliyokutisha ndiyo yenye mwaliko huo.

Yeremia 29:11 nayo tumeifanyia vibaya kwa njia nyingine. Iko kwenye kalenda, kwenye kanga, nyuma ya bajaji. Ni ahadi nzuri kweli, lakini ni sehemu ya barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia kwamba itachukua miaka 70. Kabla ya hapo Yeremia anawaonya juu ya manabii waliokuwa wakiwatabiria uongo. Barua ile iliandikwa ili watu wasijidanganye. Wewe umeipokea kama ruhusa ya kunyamaza. Nasema hivi kwa upendo: ile furaha ya juzi haikutoka kwenye Yeremia. Ilitoka kwenye matumaini kwamba huenda hutalazimika kusema.

Habari ya Yuda nitairudia.

Sasa nisikupe orodha ya mistari, maana utaipigia ramli vilevile. Nakupa zaburi moja. Soma Zaburi ya 32, yote, kwa mpangilio wake, kila alfajiri kwa wiki nzima. Ina mistari 11 tu. Nimeichagua kwa sababu umeuliza mambo mawili, msamaha na mwongozo, na zaburi hii inayo yote mawili, tena kwa utaratibu ambao ukiuona utaelewa kwa nini kidole chako hakijapata jibu.

Inaanza na heri: heri aliyesamehewa. Paulo anainukuu katika Warumi 4 kuonyesha kwamba kuhesabiwa haki ni kipawa, hakilipwi kama mshahara. Halafu mstari wa 3 na wa 4 Daudi anaeleza alivyokuwa aliponyamaza: mifupa kuchakaa, kuugua mchana kutwa, nguvu kumkauka kama wakati wa kiangazi. Hapo sina haja ya kukufafanulia, wewe unaijua hali hiyo kuliko mimi. Mstari wa 5 ndiyo bawaba ya zaburi. Anasema alimjulisha Mungu dhambi yake, hakuuficha uovu, na Mungu akasamehe. Tazama jinsi kusamehewa kunavyokuja mumo humo, ndani ya mstari uleule. Hakuna siku saba katikati. Hakuna glasi ya maji.

Na mwongozo je? Uko mstari wa 8: Mungu anasema atamfundisha na kumwonyesha njia atakayoiendea. Njia inaonyeshwa baada ya kuungama. Wengi wetu tunataka kuanza na mstari wa 8. Tunamwambia Mungu, nionyeshe kwanza kama nikisema sitaaibika, kama mume wangu hatakasirika, kama hawatanipeleka polisi, halafu ndipo nitakiri. Zaburi inakataa. Kisha mstari wa 9 unaongeza neno kali, kwamba tusiwe kama farasi au nyumbu wasio na akili, ambao lazima wafungwe lijamu na hatamu ndipo waende. Mtu anayengoja ishara itakayomsukuma aende asikotaka kwenda anaomba afungwe lijamu. Mungu katika zaburi hii anataka kusema nawe kama mtu mwenye akili.

Swali la kama umesamehewa nalijibu moja kwa moja. Ukiungama kwake, amesamehe. 1 Yohana 1:9 inasema yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Msingi ni uaminifu wake, wala si kiasi cha machozi yako au idadi ya usomaji wako. Usirudi kesho kuuliza tena.

Lakini hapa lazima tutembee polepole, kwa sababu katika makosa ya fedha ndipo Wakristo tunapojificha zaidi nyuma ya neno msamaha.

Katika Agano la Kale kuna sheria iliyokaa kama imeandikiwa wewe. Fungua Walawi 6:1-7. Inamhusu mtu aliyepokea amana ya mwenzake akaikana. Sheria inasema arudishe kitu kile kikamilifu, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe mali, na ndipo alete sadaka yake ya hatia kwa kuhani. Hesabu 5:6-7 inarudia jambo hilo na kuongeza kwamba aungame. Kwa hesabu yako ingekuwa 640,000 na 128,000 juu yake, jumla 768,000. Sikuambii hiyo ndiyo faini yako, hatuko chini ya sheria ya madhabahu ile, na kikoba chenu kina katiba yake. Nakuonyesha tu kwamba Mungu wa Walawi hakumruhusu mtu apite moja kwa moja madhabahuni huku fedha ya jirani iko mfukoni. Bwana Yesu alisema hivyo hivyo katika Mathayo 5:23-24: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, nenda upatane naye kwanza.

Mtu atauliza, basi msamaha unanunuliwa kwa kulipa? Soma Luka 19:1-10, habari ya Zakayo, na uangalie nani anaanza. Yesu anamwita kwa jina na kusema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Watu wananung'unika kwa sababu hiyo. Neema imeingia nyumbani kwanza, na baada ya hapo Zakayo anasimama na kusema nusu ya mali atawapa maskini, na aliowanyang'anya atawarudishia mara nne. Injili haitupi maneno ya toba ya Zakayo hata kidogo. Tulichoandikiwa ni hesabu. Na Yesu, aliposikia hesabu ile, akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Nimefundisha sura hii mara nyingi na bado inanishangaza jinsi ilivyo ya fedha tupu.

Kwa hiyo unapata mambo mawili yasiyochanganywa. Mungu anakusamehe bure. Deni la yule mama halifutwi na msamaha huo, kwa sababu halikuwa la Mungu kulifuta. Na deni lako kwake si 640,000 peke yake. Umemchukulia jina. Mtu mzima anaitwa mwongo mbele ya wenzake, na anaanza pengine kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Fedha hata ukizirudisha kimyakimya sandukuni usiku wa leo, yeye atabaki ni yule aliyelipa baada ya kusemwa.

Sasa Zaburi ya 51. Rafiki yako hakukosea kuitaja. Makosa yamo kwenye saa na maji. Usiku wa manane hauna nguvu kuliko saa nne asubuhi, na zaburi inayosomwa mara saba ili ifute kitu imegeuzwa kuwa dawa ya mganga. Hao wanaouza mambo haya kwa jina la upako siku hizi wananiudhi, tuyaache. Augustino niliyemtaja, alipokuwa kitandani akifa mwaka 430, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani pale alipoweza kuziona, akawa anazisoma na kulia. Hivyo ndivyo zinavyosomwa, taratibu, na mtu anayejua kilichomleta.

Lakini kabla ya Zaburi ya 51 soma 2 Samweli sura ya 11 na 12, kwa kikao kimoja. Kichwa cha zaburi chenyewe kinakuelekeza huko: nabii Nathani alipomjia Daudi. Usiposoma habari yenyewe utaukwaa mstari wa 4, ambapo Daudi anamwambia Mungu, nimekutenda dhambi wewe peke yako. Nimesikia watu wakiutumia kusema kwamba kosa lao ni kati yao na Mungu, binadamu hawahusiki. Uria, ambaye Daudi alimchukua mkewe kisha akaagiza auawe, alikuwa amelala kaburini wakati Daudi akisema hivyo! Daudi hakuwa na mtu wa kumrudishia. Wewe unaye, yuko hai, anakuja kikaoni. Na angalia 2 Samweli 12:13-14: Nathani anatangaza msamaha papo hapo, na papo hapo anataja matokeo yatakayobaki. Msamaha wa Mungu hauahidi kwamba kikundi hakitakuvua uweka hazina. Huenda watakuvua, na watakuwa na haki.

Sasa utaungama wapi na kwa nani? Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1929 Simeon Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja, na kutoka hapo, na huko Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulienea uamsho uliofika mpaka Kagera na Kenya. Wazee wetu wa Tukutendereza, ndio wimbo wa uamsho huo, walisoma 1 Yohana 1:7, juu ya kuenenda nuruni, wakaifanya kazi. Watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni yaliyosahauliwa, walikwenda kwa waajiri wao wakasema mimi ndiye niliyechukua. Hicho ndicho kilichowafanya hata wasioamini wasikilize. Uamsho ule ulifundisha pia kwa upande wa pili, kwamba maungamo ya hadharani yasiyo na mipaka huweza kuwaumiza watu wengine na kugeuka maonyesho. Kanuni ninayoishika mimi ni kwamba maungamo yawe mapana kama madhara yalivyo. Kosa lako lilifanyika kikobani, basi likiriwe kikobani. Kanisa zima la Jumapili halina kazi nalo.

Kama ni Mkatoliki, nenda kwenye kitubio kwanza. Padre amefungwa na siri ya maungamo, na usishangae akikuambia urudishe. Kama ni wa kwetu Walutheri au Waanglikana, mchungaji wako anaweza kukupokea kwa maungamo ya faragha pia, ingawa wengi hawajui kwamba yapo. Kisha mwambie mumeo, kabla ya kikao, asije akasikia sokoni. Kisha nenda kwa yule mama nyumbani kwake. Uende wewe kwake, usimwite. Mwambie ukweli bila kuanza na shida ya ada. Ada ni kweli, lakini ukianza nayo anakuwa ndiye anayepaswa kukuhurumia, na si zamu yake. Asipokusamehe siku hiyo, usimwekee mstari wa Biblia mbele. Msamaha wake ni mali yake.

Baada ya hapo mwenyekiti na katibu, na daftari mkononi, ukiwa umeandika tarehe uliyopokea fedha, kiasi, na pendekezo la malipo lenye tarehe unazoziweza. Ikiwa ni shilingi 80,000 kwa mwezi, sema 80,000, usiahidi 200,000 kwa aibu. Kikao kinachofuata uombe jina la yule mama lisafishwe mbele ya wanachama wote waliomsikia akisemwa, na usiridhike na mwenyekiti kulisahihisha kimya kwenye daftari. Kuna hatari ya hatua za kisheria, sikufichi. Hatari hiyo inakuwa kubwa zaidi ukingoja Desemba hesabu zikufichue.

Usiende peke yako. Soma waraka wa Filemoni, mistari 25, dakika tano zinatosha. Onesimo anarudi kwa mtu aliyemkosea, na Paulo anamtanguliza kwa barua: kama amekudhulumu au unamwia kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Mtafute mtu mzima mmoja anayeheshimika, mzee wa kanisa au shangazi, akae kando yako unaposema. Si lazima akulipie. Awepo tu.

Hapo ndipo narudi kwa Yuda, kwa sababu ulifunga kitabu mapema. Mathayo 27:3-5 inasema alirudisha vile vipande 30 vya fedha na akakiri kwamba amekosa. Yaani alifanya mambo mawili ambayo nimekushauri ufanye. Ila aliyapeleka kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu kwamba hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Akatoka pale peke yake. Petro, aliyemkana Bwana usiku uleule, alirudi kwa wenzake, na katika Yohana 21 unamkuta kwenye mashua pamoja nao, kisha ufuoni Bwana anamuuliza mara tatu kama anampenda na kumkabidhi kondoo. Wote wawili walilia au kujuta. Petro alikuwa bado yuko na watu Bwana alipokuja. Na kama ulipofunga kitabu lilikupita wazo la kujidhuru, hata mara moja, mwambie mtu leo, mumeo, ndugu yako au daktari. Usingoje kikao wala wiki ya zaburi.

Swali lako la mwisho, la kuongoza ibada ya jumuiya. Pumzika kuongoza mpaka jambo hili lisikike kikobani na malipo yaanze. Huna haja ya kutoa sababu ndefu, mwambie kiongozi wa jumuiya unaomba nafasi kwa muda. Lakini usiache kwenda. Kaa pale kama msikilizaji, na ikifika zamu ya nyumba yako kupokea jumuiya, ipokee. Wakati wa kurudi kuongoza ukifika, uamuzi huo waachie wao wauseme.